Vyumba Chini ya Vigae

Fikra ya kujenga darini ililetwa na Faiz, Ijumaa moja baada ya chakula, pale watu wameshanawa na kila mmoja anatafuta mto wa kuegemea. Hakuileta kwa pupa. Alianza kwa kulalamikia kodi ya fleti yao iliyopanda tena, akaligusia tumbo la mkewe Arwa lililokwisha kuonekana, kisha akanyanyua macho akatazama juu kama mtu aliyesikia panya.

"Mama, pale juu chini ya vigae pana nafasi kubwa imekaa bure," akasema. "Tangu marehemu baba ajenge hapajawekwa kitu ila masanduku na viti vilivyovunjika. Pakitengenezwa vizuri panatoka vyumba viwili na choo. Tutahamia sisi."

Bi Mahfudha alilisugua goti lake bovu, akasema, "Na jua? Jua la huku unalijua mwenyewe. Unataka kuwapanga watoto chini ya vigae kama mikate ndani ya tanuri?"

"Siku hizi joto linazuiwa, mama. Paa linavishwa."

"Linavishwa nini, koti?"

Arwa alicheka, na mjadala wa siku ile ukaishia hapo. Faiz aliondoka akidhani ana kazi kubwa ya kumbembeleza mama yake. Kumbe Bi Mahfudha alikwisha kubali tangu aliposikia "tutahamia", ila hakuwa mtu wa kuitoa furaha yake yote kwa mkupuo mmoja. Alisema atafikiri, akaomba chai.

Nyumba yenyewe iko Al Warqa, Dubai, barabara ya ndani, karibu na msikiti mdogo. Marehemu mumewe, mtu wa Unguja kama yeye, aliijenga kidogo kidogo kwa faida ya duka la vitambaa huko Naif. Akimaliza ukuta anapumzika, akipata anaendelea. Nusu ya mbele aliiezeka vigae vyekundu kwa sababu ndivyo alivyovitamani tangu ujana. Nusu ya nyuma aliiacha sotoha, sakafu tupu ya zege penye matangi ya maji, kamba za kuanikia nguo, na kijichumba kimoja cha mtumishi. Chini alikaa Bi Mahfudha kwa ajili ya goti lake. Ghorofani alikaa binti yake Sumeiya na wanawe, tangu alipoachana na mumewe. Na juu kabisa, kwenye kile kijichumba, alilala Roselyne, mwanamke wa Vihiga, Kenya, aliyekuwa akipika, akifua, na kulikanda lile goti kwa mafuta ya moto kwa miaka mingi, hata watoto wa Sumeiya walidhani amezaliwa humo humo.

Kwenye mambo ya pesa mama na mwana walivutana. Faiz alitaka mkopo wa benki, nyumba iwe dhamana.

"Baba yenu alipata kukosa hata nauli," Bi Mahfudha akamwambia, "na nyumba hii hakuiweka rehani. Leo yuko kaburini ndiyo niiweke mimi?"

Badala yake akaiuza sehemu yake ya lile duka la Naif kwa Mhindi aliyekuwa mshirika wa mumewe tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Yule mzee alimkalisha, akamwagizia chai ya maziwa, na wakazungumza juu ya watu waliokwisha kufa mpaka adhana ya alasiri. Bi Mahfudha alipotoka hakugeuka kulitazama duka. Faiz akaongeza akiba yake, Sumeiya akatoa alichoweza, na wote wakaona zitatosha, mradi mtu asiingiwe na tamaa.

Baada ya hapo akaja Twaibu. Huyu alikuwa Mganda mrefu, mchoraji wa kampuni ya ujenzi, aliyeokota Kiswahili chake kwa Wakenya na Wazanzibari wa hapa hapa Dubai. Alipanda juu na kipimo chake, akakaa huko muda, akashuka shati limemganda mgongoni. Bi Mahfudha akamtilia maji mwenyewe.

"Haya nieleze," akasema, "hilo koti la paa."

Twaibu alifurahi kuulizwa. Wateja wengi huuliza bei tu. "Mama, jua halibaki kwenye kigae. Kigae kinapasha hewa, hewa inapasha dari, na dari inakupasha wewe uliye chini mpaka usiku wa manane. Sasa sisi tunaikata hiyo njia. Chini ya vigae tunaacha nafasi, hewa ipite. Halafu karatasi ya fedha inayong'aa, ile inalirudisha joto lilikotoka. Halafu magodoro ya sufi ya mawe, manene, tunayabana katikati ya mapao. Hata tundu la kidole hatuachi. Ukiacha tundu, pesa umetupa."

"Sufi ya mawe?"

"Mawe yanayeyushwa, yanasokotwa kama pamba." Akatoa mkobani kipande alichokichukua kwenye ghala moja la Dubai Investments Park. Bi Mahfudha akakishika, kikamwasha vidole, akakirudisha haraka. Lakini siku nzima alikuwa akiyarudia maneno yale kimoyomoyo: hewa, karatasi, godoro. Yalimpendeza kwa sababu yalikuwa ya kweli na yalikuwa na mpango.

Hesabu ya kampuni ilipokuja ilizidi mfuko. Faiz akakaa nayo jioni kadhaa akipunguza hapa na pale. Dirisha kubwa la kutazama barabarani hakuligusa, na marumaru ya chooni hakuyagusa, maana alikwisha mwahidi Arwa. Alichopunguza ni yale magodoro, yatatiwa membamba.

"Joto litakalobaki litamalizwa na kiyoyozi," akasema.

Twaibu alikuna shingo. Aliutandika mchoro juu ya meza ya kulia, na watu wakauinamia: Faiz, Arwa, Sumeiya, na Bi Mahfudha aliyevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Roselyne alikuwa akipanga vikombe pembeni.

"Ngazi mpya, pana kuliko hii ya sasa, itapanda kutokea ghorofa ya Sumeiya," Twaibu akaeleza kwa kidole, "itatokea hapa, kwenye sotoha, halafu unaingia darini. Kwa hiyo hiki chumba kinabomolewa." Akasita. "Samahani, nimesahau kuuliza. Huyu dada anayelala humo mmempangia wapi?"

Hakuna aliyempangia. Lilionekana wazi usoni mwa kila mtu, na Roselyne naye aliliona, kwani alikuwa amesimama pale pale na birika mkononi.

Faiz ndiye aliyejibu. "Ile stoo ya jikoni si ipo? Tutaitoa magunia."

"Ile haina dirisha," Twaibu akasema, si kwa kubishana, ila kwa kuwa alikwisha ipima.

"Tutamtilia feni."

Roselyne akamimina chai, kikombe baada ya kikombe, bila kumwaga hata tone, akaondoka na sinia tupu.

Asubuhi ya pili Bi Mahfudha alikandwa goti kama kawaida, Roselyne ameketi kwenye kigoda mbele yake. Hawakulizungumza lile. Walizungumza juu ya samaki na juu ya sare za watoto. Na hicho ndicho kilichomkaa Bi Mahfudha kooni: kwamba mkono uliokuwa ukimkanda haukubadilika hata kidogo, haukuwa mzito wala mwepesi kuliko jana. Alijaribu kukumbuka kile chumba cha juu kina rangi gani, asikumbuke. Goti lilikuwa limempa udhuru kwa miaka. Lakini kabla ya goti hakuwa na udhuru wowote, na hata wakati ule hakupanda.

Ilikuwa Agosti. Adhuhuri, Sumeiya amewatoa watoto kwenda kuogelea na Roselyne yuko juu anaanua nguo, Bi Mahfudha akashika reli ya ngazi, akaanza kupanda. Alipumzika kila baada ya hatua chache. Ghorofani alikaa kitako juu ya ngazi kama mtoto, akavuta pumzi, akaendelea. Alipousukuma mlango wa sotoha, mwanga ukampiga usoni kama mtu aliyefunua chungu kinachochemka.

"Madam!" Roselyne akaziacha nguo. "Nani amekuleta huku?"

"Miguu yangu. Nifungulie chumba chako nikae, nisije nikaanguka."

Chumbani mlikuwa na kitanda, kabati la plastiki, na kiyoyozi kikuukuu cha dirishani kilichokuwa kikinguruma kwa bidii na kutoa hewa ya vuguvugu. Kuta zilikuwa na rangi ya kijani kibichi. Bi Mahfudha akakaa kitandani, akaliweka ganja la mkono ukutani, akalitoa upesi. Kisha akatazama juu. Dari yote ilikuwa imefunikwa kwa maboksi ya maji ya kunywa yaliyokunjuliwa, na juu ya maboksi imebandikwa karatasi ya fedha ya jikoni, kipande kwa kipande, imenyooshwa vizuri, na pembe zimebanwa kwa gundi ya karatasi. Alikumbuka kwamba aliwahi kumsema Roselyne juu ya karatasi ile: mbona inaisha upesi hivi, humu ndani tunachoma samaki wa mji mzima?

"Umefanya mwenyewe haya?"

"Nilifanya. Inasaidia kidogo." Roselyne alisimama mlangoni, hakuingia, ingawa chumba kilikuwa chake. "Mchana huwa siko hapa. Usiku namwaga maji kwa sakafu, halafu nalala. Nimezoea."

"Mbona hukuniambia?"

Roselyne alifikiri kabla ya kujibu, si kama anayetafuta uongo, bali kama anayepima kama ukweli una faida.

"Nilikuambia, madam. Ile mwaka ya pili. Ukasema niongee na Baba. Baba akaniletea hiyo AC. Ikafanya kazi vizuri, halafu ikaharibika, halafu Baba akawa mgonjwa. Sasa mtu anaanza aje kusema mambo ya AC na mwenye nyumba anakufa?"

Bi Mahfudha hakukumbuka kuambiwa, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angekumbuka.

"Na hili la stoo?" akauliza mwishowe.

"Stoo sitalala," Roselyne akasema kwa upole. "Nilikuwa nataka kukuambia vizuri, si hivi umechoka. Mkataba wangu unaisha Disemba. Nyumba yangu kule nyumbani imefika mahali pazuri. Hata mimi nimeweka siling chini ya mabati mwaka huu, kijana wangu alikuwa analalamika mvua ikinyesha kwa mabati hasikii mwalimu kwa simu." Akatabasamu kidogo. "Kwa hivyo, mimi nitaenda nyumbani, madam. Si kwa hasira."

Kile kiyoyozi kiliendelea kunguruma. Bi Mahfudha alijikuta anataka kusema, na mimi je, goti langu nani atalikanda? Akajizuia. Alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba swali lile lisingekuwa na heshima mahali pale. Akasema tu, "Nisaidie kushuka."

Jioni akampigia Faiz simu, akamwita na mkewe, akamwita na Twaibu. Aliwaeleza kwamba Roselyne anaondoka Disemba, kisha akawaambia mambo mawili. La kwanza, ngazi itafutiwe njia nyingine na chumba cha sotoha kisiguswe. La pili, magodoro ya paa yatatiwa manene kama Twaibu alivyosema mwanzo, na yataendelea mpaka juu ya chumba cha Roselyne na kwenye kuta zake, na kiyoyozi kitabadilishwa.

"Mama, pesa hazitoshi," Faiz akasema. "Nimepunguza kila penye kupunguzwa."

"Dirisha hukulipunguza."

"Dirisha ni la Arwa. Nimemwahidi." Alishusha sauti. "Na Roselyne si amesema anaondoka? Disemba si mbali. Tumjengee mtu anayeondoka?"

Swali lile halikuwa la mjinga, na Bi Mahfudha hakulijibu kama swali la mjinga.

"Akiondoka yeye," akasema, "hatutaleta mtu mwingine?"

"Tutaleta."

"Atalala wapi?"

Faiz akatazama mchoro. Arwa ndiye aliyenyanyuka. Alichukua mkoba wake akaenda kukaa garini, na Faiz ikambidi amfuate. Usiku ule na siku nyingi baadaye, Bi Mahfudha alipata habari za mkamwana wake kupitia kwa watu wengine. Lilimuuma. Alijua jinsi msichana yule alivyolitaka lile dirisha. Alikulia kwenye fleti ya Deira iliyotazamana na ukuta wa jirani, na tangu hapo mawazo yake yote ya nyumba yalikuwa ya mwanga. Si tamaa kutaka kuona nje. Lakini paa lilikuwa moja na mfuko mmoja, na kila alipolipima jambo lile lilimrudisha pale pale, kwenye ukuta uliomchoma ganja la mkono.

Twaibu ndiye aliyepata njia, kwa kuchora upya mara kadhaa. Aliizungusha ngazi upande wa pili, vyumba viwili vikawa kimoja kikubwa na kimoja kidogo sana. Dirisha hakulifuta. Alilihamisha likatazama kaskazini, likawa jembamba na refu, akaeleza kwamba jua la huko ni la adabu, linaleta mwanga na kuacha moto nje. Marumaru ya chooni yakawa vigae vya kawaida. Ruhusa ya baladia, yaani manispaa, ikatoka baada ya kuzungushana kwingi, na mafundi wakaanza kazi mwisho wa Septemba.

"Tuanze na chumba cha dada," Twaibu akashauri. "Ni kidogo. Kama kuna makosa tutayaona hapo kabla hatujafunika dari yote."

Wakaanza hapo. Maboksi na karatasi za jikoni zikang'olewa zikatupwa, na sufi ya mawe ikapandishwa, manjano na nzito. Roselyne alilala kwa Sumeiya muda wa kazi ile. Siku aliyorudi chumbani kwake, Bi Mahfudha alimsubiri asubuhi akitaraji neno. Roselyne akalichukua goti, akamimina mafuta.

"Umelalaje?"

"Vizuri. Nimelala mpaka nikachelewa swala yako ya alfajiri, hukupata maji ya moto. Pole."

Ikawa ndiyo shukrani yenyewe, na Bi Mahfudha akaipokea hivyo. Hakuwa na haki ya kudai zaidi. Moyoni alikuwa ameficha tumaini kwamba chumba kizuri kingembadilisha nia. Alikuwa amelificha hata yeye mwenyewe asilione. Disemba ilipokaribia na Roselyne akaanza kununua mablanketi na sufuria za kupeleka kwao, tumaini lile likatoka lilikojificha, likamdhihaki, likaenda zake.

Alimsindikiza uwanja wa ndege mwenyewe, Faiz akiendesha. Njiani Roselyne alimweleza namna ya kuchanganya mafuta ya goti, karafuu kiasi gani na yachemke mpaka yatoe harufu gani. Waliposimama mlangoni na mizigo, Bi Mahfudha akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Roselyne hakujifanya hajui ni kwa nini. "Nimekusamehe, Mama," akasema, akausukuma mkokoteni wake ndani. Miaka yote alikuwa akimwita madam.

Arwa na Faiz walihamia Januari, mtoto ana wiki chache. Arwa alipanda mwenyewe kwanza, peke yake, akakaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikuja moja kwa moja chumbani kwa mkwewe, akakaa miguuni pake.

"Mwanga wa asubuhi unafika mpaka kwenye kitanda cha mtoto," akasema. "Laini, kama wa mtu anayechungulia."

"Alhamdulillah."

"Bado nalitaka lile dirisha kubwa."

"Najua," Bi Mahfudha akasema. "Ukijaaliwa utalijenga lako, na mimi nitakuja kukaa mbele yake nikutazamie barabara."

Arwa akacheka, cheko la zamani, na kitu kilichokuwa kimekaza ndani ya nyumba ile kikalegea.

Mwisho wa mwezi ule akaja Joweria, msichana wa Masaka, Uganda, mwenye haya nyingi na Kiswahili cha kubabaisha. Sumeiya alimpandisha juu, akamwonyesha chumba, akamwambia apumzike. Asubuhi ya pili Bi Mahfudha alimkuta jikoni amejifunga shuka juu ya nguo zake, anazungukazunguka kama mwenye neno asilojua pa kuanzia.

"Una nini, mama? Sema tu."

"Madam, samahani sana," Joweria akasema, macho chini. "Ile chumba ni baridi. Naomba blanketi."

Bi Mahfudha akamtazama, kisha akatafuta fimbo yake, akainuka kwenda kabatini. Lilikuwa kwenye chumba cha mwisho, mbali kidogo kwa goti kama lile, lakini alikwenda mwenyewe.